Unaondoka Lini, Mama?

Verlyn Sudbeck alimuuliza mama mkwe wake anaondoka lini kabla bibi huyo hajavua hata koti.

Hakukusudia ubaya. Kwa miaka tisa alikuwa akisimama pale pale, kwenye mlango wa jikoni, akipokea watu wenye mabegi mgongoni na vumbi la barabara kuu namba thelathini masikioni, na kila mmoja alimpa maneno yale yale kwa mpangilio ule ule: karibu, choo kile pale, taulo ya bluu ni yako, neno la siri la intaneti limebandikwa kwenye friji, unaondoka lini? Wageni mia moja na kumi na wawili walikuwa wameyasikia maneno hayo, wakajibu kesho, au keshokutwa, au upepo ukigeuka. Ulimi hauna mfupa, na wa Verlyn ulikwenda njia uliyoizoea.

Opal Tietjen, mwenye miaka themanini na minne, alikuwa ameishika fremu yake ya kutembelea kwa mikono miwili. Nyonga aliivunja mwezi wa nane, alipoteleza kwenye ngazi za nyumba yake shambani, na hii ilikuwa Ijumaa ya kwanza tangu hospitali imruhusu. Alimtazama mkwewe, kisha akaitazama karatasi aliyokabidhiwa. Ilikuwa karatasi ya masharti ya nyumba, iliyofunikwa plastiki, wanayopewa wapita njia wote.

"Jumatatu," akasema.

Arlis, binti yake, alikuwa anaingia na sanduku. "Jumatatu kuna nini, Mama?"

"Mumeo ameniuliza naondoka lini. Namjibu. Naondoka Jumatatu."

Na Jumatatu haikuwa siku ya kubahatisha. Kwenye nyumba ya wazee, maili sabini kaskazini, kitanda kimoja kilikuwa kimeshikiliwa kwa jina la Opal mpaka Jumatatu saa nne asubuhi. Arlis alikiomba kama akiba tu, wakati ule daktari aliposema bibi hawezi tena kuishi shambani peke yake. Hakutaka kitumike. Alitaka mama yake akae chumba cha nyuma, karibu na choo, mpaka Mungu apende vinginevyo. Opal alikuwa amekubali kwa taabu, baada ya wiki mbili za kubembelezwa. Sasa sentensi moja ya Verlyn ilikuwa imempa njia ya kutokea, na Opal hakuwa mtu wa kubaki mahali alipohisi anahesabiwa siku.

Arlis aliweka sanduku chini taratibu, akamshika mumewe kiwiko, akampeleka gereji.

"Umemuuliza nini mama yangu?"

"Imeniponyoka, Arlis."

"Imekuponyoka! Na karatasi nayo ikakuponyoka? Umempa mama yangu karatasi inayosema asiache nywele kwenye bomba la kuogea!"

"Mazoea tu. Mtu akiingia na sanduku, mimi..."

"Yule si mtu aliyeingia na sanduku. Yule ni mama. Nenda ukamwambie."

"Nikamwambie nini?"

Arlis alimkodolea macho. "Wewe? Wewe unayewaandikia watu wa Chile kurasa tatu kuhusu hali ya barabara? Leo ndiyo umekosa la kusema?"

Huo ulikuwa ukweli, na ulimchoma. Kwenye mtandao wa wasafiri, ambako watu hulazana bure majumbani, hakuna aliyejieleza vizuri kama Verlyn. Wasifu wake ulianza hivi: *Mimi ni msafiri jasiri. Nimevuka nchi ishirini na tisa kwa baiskeli, kwa malori ya watu na kwa miguu. Nimelala Patagonia kwenye upepo uliong'oa vigingi vya hema, nimekula nisivyovijua na sikuugua. Njoo tubadilishane hadithi.* Wageni waliompitia walimwachia maoni ya kumsifu mpaka aibu. Safari yake ya mwisho ilikuwa ya miaka kumi na mmoja iliyopita. Sasa alikuwa na miaka sitini na mmoja, mgongo umekataa tandiko la baiskeli, na riziki yake ilikuwa kutengeneza mashine za kukatia nyasi. Dunia ilimjia yeye, baiskeli mbili mbili, na hilo lilimtosha.

Lakini huyo huyo mwenye maneno ya kuwapa wageni hakuwa na akiba yoyote kwa watu wake. Kwa miaka thelathini na minne, yeye na Opal walikuwa wamezungumzia mvua, bei ya mahindi, na kama lori litawaka. Walipomaliza hayo waliangalia dirishani.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Opal hakungoja hata ya pili iishe.

Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi Verlyn alimkuta ameketi kitandani amevaa koti, sanduku miguuni halijafunguliwa. Shuka na foronya zilikuwa zimevuliwa, zimekunjwa pembe kwa pembe, zimewekwa juu ya mashine ya kufulia. Namna mtu aliyevunjika nyonga alivyozifikisha kule, na fremu mkononi, Verlyn hakutaka kufikiria.

"Mama, kwa nini umevua shuka?"

"Sharti la nne. Siku ya kuondoka, mgeni avue shuka zake."

"Lakini leo ni Jumamosi."

"Najizoeza."

Arlis alitandika upya, midomo ameikaza. Kwenye meza ya jikoni Opal aliomba ruhusa ya kutumia simu. Aliomba ruhusa ya kufungua friji. Alisema amesoma kwenye sharti la saba kwamba mgeni akipenda anaweza kuwapikia wenyeji mlo mmoja, kwa hiyo viazi viko wapi? Akamenya viazi amesimama, ameegemea sinki kwa upande mmoja, na kila Arlis alipomsogezea kiti alikisukuma kwa goti la mguu wake mzima.

"Mama, kaa basi. Unanitia aibu ndani ya nyumba yangu."

"Ndiyo, nyumba yako. Ndiyo maana nafuata masharti yake."

Baada ya chakula Verlyn aliinua kikombe cha Opal ili akioshe. Chini yake kulikuwa na noti ya dola tano, imekunjwa mara nne kama sadaka ya kanisani. Aliishika akaiona fursa. Alitaka kusema jambo jema, jambo la kumfanya bibi ajue hatakiwi kulipa chochote hapa, na akasema la kwanza lililomjia:

"Hapana, Mama. Sharti la kwanza hilo. Hatupokei hela za wageni."

Arlis alifumba macho.

Opal aliichukua noti yake akairudisha kwenye mkoba, akaufunga mkoba, *kwach*. "Nimekuelewa," akasema. "Sasa nami nikuulize. Mwaka wa themanini na nane ulikuja mlangoni kwangu umeloa kama paka, begi mgongoni, sufuria inaning'inia. Ulikuwa unakwenda wapi?"

"Alaska," Verlyn akajibu kwa sauti ndogo.

"Alaska. Nilikuuliza unaondoka lini?"

"Hapana, Mama."

"Uliondoka?"

Verlyn alijikuna shingo.

"Ulikula kwangu mavuno mawili. Ulilala ghalani, halafu ukalala kwenye veranda, halafu chumba cha juu. Baba yake Arlis, Mungu amrehemu, aliniuliza mara ngapi: huyu kijana anaondoka lini? Nikamwambia, mimi simuulizi mtu hivyo, muulize wewe. Naye akaona haya. Mwishowe ukaondoka na binti yangu, maili kumi na nne. Alaska yenyewe hukuiona."

"Niliiona baadaye," Verlyn akasema, na pale pale akatamani ardhi ipasuke.

"Nimefurahi kusikia," Opal akasema.

"Mama, nilikuwa nataka kusema... kaa. Kaa unavyotaka. Muda wowote."

"Hata mwenye hoteli husema hivyo." Akajivuta kwenye fremu yake, akaenda chumbani, akafunga mlango polepole, na kufunga huko polepole kuliuma kuliko angeubamiza.

"Na wale wa kesho?" Arlis aliuliza jioni, akikunja taulo kwa hasira. "Umewaambia wasije?"

Hapo palikuwa na kidonda kingine. Tangu mwezi wa saba Verlyn alikuwa amewaahidi chumba cha nyuma, hicho hicho cha Opal, mume na mke kutoka Quebec, wanaoendesha baiskeli kutoka pwani moja ya bara hadi nyingine. Miongoni mwa watu wa mtandao ule, kumfungia mlango msafiri aliyekwisha kuanza safari ni dhambi isiyosameheka. Mtu husamehewa godoro baya, husamehewa mbwa mwenye harufu, lakini si hilo.

"Wako maili sitini kutoka hapa, Arlis. Mji unaofuata hauna hata kituo cha mafuta. Hema wanalo. Nitawaandikia walale uani."

"Waandikie. Kuandika unaweza."

Verlyn alikaa mbele ya kompyuta kwenye kona ya sebule. Aliwaandikia wale wa Quebec mistari miwili. Kisha alifungua wasifu wake mwenyewe, akausoma kutoka juu kana kwamba umeandikwa na mtu mwingine, na huyo mtu hakumpenda sana. Akaufuta ufunguzi wote, Patagonia na vigingi vyake, akaanza upya kwa vidole viwili. Ilimchukua saa nzima kupata sentensi kumi. Arlis alipopita na kumuuliza anaandika nini, alisema, "Kitu cha wageni," naye akasonya akaenda zake.

Jumapili baada ya chakula cha mchana Opal alitoa amri.

"Nendeni shambani mkaniletee nguo za baridi. Na picha ya baba yako iliyo juu ya redio. Kaskazini kule baridi huanza mapema."

"Mama," Arlis akasema, "huendi kaskazini. Tulishakubaliana."

"Tulikubaliana kabla sijaulizwa. Koti la sufu liko kabati la chini. Msinisahaulie soksi."

Kwenye lori Arlis alilia maili zote kumi na nne, kimya, akitazama mahindi yaliyokauka tayari kwa kuvunwa. Kazi yake ilikuwa kupika shule ya msingi, watoto mia mbili kila siku, na hakuna aliyewahi kumwona akilia kwenye sufuria. Verlyn aliendesha mikono miwili kwenye usukani.

"Amekata shauri," Arlis akasema walipofika. "Unamjua. Aliacha kuvuta sigara siku moja, hakugusa tena."

"Kesho bado."

"Kesho saa nne, Verlyn. Tusipompeleka, wakampa mtu mwingine kile kitanda, na hapa kwetu hataki kukaa, nitampeleka wapi? Atarudi kwenye ngazi hizi. Safari hii haitakuwa nyonga, itakuwa shingo."

Walipakia magauni ya sufu, soksi, na picha ya marehemu akiwa na ndama. Nyumba ilinuka vumbi na sabuni ya kipande. Verlyn alitoka nje kwanza, akasimama kutazama ghala ambalo paa lake lilikuwa limeanza kuinama, mpaka Arlis alipopiga honi. Aliona haya, kweli kweli, mara ya kwanza tangu Ijumaa bila kujitetea moyoni.

Waliporudi, baiskeli mbili zenye mifuko pembeni zilikuwa zimeegemezwa kwenye uzio.

"Wamewahi!" Verlyn akasema. "Upepo umewasukuma. Mungu wangu, na Mama yuko peke yake."

Jikoni kulikuwa na joto na harufu ya mdalasini. Kijana mrefu mwenye ndevu, Remi, na mkewe Odile, pua imeungua kwa jua, walikuwa wameketi mezani nywele zikiwa bado mbichi kwa kuoga. Mbele yao kulikuwa na mabakuli ya maharage mazito yenye nyama ya kusaga na pilipili, na pembeni mikate ya mdalasini iliyopakwa sukari. Opal alikuwa amekaa kiti cha kichwani mwa meza, aproni ya Arlis kifuani, mwiko mkononi.

"Anauliza kama vinaliwa pamoja," Opal akamwambia Arlis, akimwelekezea Remi mwiko. "Maharage na mkate wa mdalasini. Mtoto wa watu kapita majimbo manne hajui kula."

"Unachovya," Arlis akasema, bado kashika mlango. "Mama, nani amekanda mikate hii?"

"Huyu hapa mwenye pua. Mimi nilimwelekeza nimekaa."

Odile alisimama akampa Verlyn mkono. "Samahani, tumefika mapema. Tulipobisha bibi alitufungulia, akatuambia wenye nyumba hawapo, tungojee uani, yeye ni mgeni tu. Nikamwambia, lakini wewe si ndiye Opal?"

"Nikamuuliza kanijulia wapi," Opal akasema. "Mtu wa Quebec ananijua mimi kutoka wapi?"

Verlyn alitamani kurudi kwenye lori. Odile, ambaye hakujua amekanyaga wapi, alichukua simu yake mezani. "Tulisoma asubuhi, tulipokuwa tunajaza magurudumu upepo. Ni wasifu mzuri kuliko wote tuliosoma njiani. Nimemsomea bibi mara mbili."

"Soma ya tatu," Opal akasema. "Binti yangu hajausikia."

Odile akasoma, kwa lafudhi yake ya kwao, polepole:

"*Naitwa Verlyn. Watu huniuliza nilijifunzia wapi kukaribisha wageni. Si Patagonia. Ni kwa Opal Tietjen, maili kumi na nne kutoka hapa, mwaka wa themanini na nane. Nilifika nimeloa, sina senti. Alinipa supu, akanilaza ghalani na blanketi la farasi, na hakuniuliza naondoka lini. Ijumaa hii alikuja kwangu akiwa na fremu ya kutembelea, nami nikamuuliza. Mimi ni mtu wa kuwaambia wageni kila kitu na watu wangu hakuna kitu. Ukifika hapa ukamkuta bado yupo, msalimie kwanza yeye. Hii ni nyumba yake, akiitaka.*"

Arlis alikuwa amemgeukia mumewe, na machozi yaliyokuwa yamekauka njiani yalianza tena. Verlyn alitazama viatu vyake.

"Blanketi halikuwa la farasi," Opal akasema.

"Samahani, Mama?"

"Halikuwa la farasi. Nililitoa kitandani kwangu. Mimi na mume wangu tulilala na makoti siku ile." Aligonga mwiko kwenye ukingo wa sufuria. "Watu wangapi wanasoma hayo maandishi?"

"Yako wazi, bibi," Remi akasema. "Dunia nzima."

"Basi dunia nzima inadhani Opal Tietjen alimfunika mwanadamu kwa blanketi la farasi. Rekebisha, Verlyn."

"Nitarekebisha sasa hivi."

"Kula kwanza. Maharage yanapoa."

Alikula. Walikula wote, na Remi alichovya mkate wake akasema ni mtamu, na Opal akasema bila shaka ni mtamu. Lakini baada ya chakula, Arlis alipopita mbele ya mlango wa chumba cha nyuma, sanduku lilikuwa bado limefungwa, na koti la sufu kutoka shambani limewekwa juu yake. Aliwaza kumuuliza. Akaogopa jibu, akapita.

Jumatatu kulipambazuka na mvua ya mawe. Hema la wale wageni lilipasuliwa saa kumi na moja alfajiri, wakakimbilia jikoni na mablanketi vichwani, na walipoamka wenyeji walimkuta Opal amekwisha kuwaketisha karibu na oveni na kuwapa kahawa. Arlis alikuwa ameomba ruhusa kazini mpaka mchana. Alikuwa amekwisha kuvaa nguo za kutokea, kwa sababu ikibidi kumpeleka mama yake maili sabini, alitaka awe na adabu hata kwenye huzuni. Verlyn alijaza lori mafuta. Alirudi na matope hadi vifundoni, akasimama pale mlangoni.

Saa tatu na nusu simu ya ukutani ililia.

Arlis aliipokea, akasikiliza, akasema, "Ndiyo. Ndiyo, yuko hapa." Aliivuta simu kwa waya wake mrefu mpaka kwenye jiko, ambako Opal alikuwa anakaanga mayai sita ameegemea fremu, akampa mkononi. "Ni wao, Mama. Wanataka kujua kama unakuja."

Opal alichukua simu kwa mkono mmoja. Mkono wa pili uliendelea na mayai.

"Ndiyo, ni mimi," akasema. "Asante kwa kunipigia, mwanangu. Leo haitawezekana." Akasikiliza. "Hapana, nyonga haina neno." Akasikiliza tena, akageuza yai moja, la pili, la tatu. "La, si kesho pia. Hicho kitanda mpeni mtu anayekihitaji. Mimi hapa kwangu nina wageni."

Akamrudishia Arlis simu. Kisha akageuka, akamtazama mkwewe pale mlangoni kuanzia kichwani hadi chini.

"Verlyn, viatu," akasema. "Jikoni kwangu watu wanakula."